“Mtoto Ameshapita Miaka Saba. Nikiomba Nyongeza ya Matunzo, Baba Yake Atamchukua?”

Shikamoo mshauri,

Naomba jina langu lisitajwe, maana Morogoro watu tunajuana na ndugu wa baba wa mtoto wangu wengine ni wasomaji wa safu hii.

Nina miaka 31 na mtoto mmoja wa kike wa miaka minane, yuko darasa la pili shule ya serikali hapa Kihonda. Mimi na baba yake tulifunga ndoa ya bomani mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mwanzo ikatupa talaka. Hakimu aliamua mtoto akae na mimi, likizo aende kwa baba yake, na baba atoe shilingi 80,000 kila mwezi kwa ajili ya matunzo. Sikulalamika. Wakati huo mwenzangu alikuwa utingo wa lori na mtoto alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anakula uji na wali kidogo, nguo nilimshonea mwenyewe.

Mwaka 2021 mtoto akaanza homa zisizoisha na maumivu ya mifupa, usiku kucha analia. Tulipompima ikaonekana ana siko seli. Tangu hapo maisha yetu ni kliniki, foliki asidi kila siku, na ile dawa ya haidroksiyurea ambayo mara nyingi nainunua duka la dawa. Maumivu yakimzidi tunalazwa, na nikiwa wodini kibanda changu cha ushonaji kule Msamvu kinabaki na wasichana wawili tu, kazi za wateja zinachelewa na wengine wanakwenda kwa fundi mwingine. Ada hatulipi, lakini kuna chakula cha mchana shuleni, sare, madaftari, na bodaboda ya kumrudisha nyumbani siku akiwa hajisikii vizuri. 80,000 haifiki popote.

Baba yake Mungu amemsaidia. Alipata leseni ya magari makubwa, sasa anaendesha semi, anapeleka mizigo mpaka Lubumbashi. Anaishi Dar, ameoa tena na wana mtoto wa mwaka mmoja. Ana bodaboda mbili amewapa vijana wanamletea hesabu. Simsingizii, hela analeta. Akiwa safari inachelewa, wakati mwingine wiki tatu, ila inafika. Lakini ni 80,000 ile ile ya mwaka 2020.

Mwezi wa tatu nilimpigia nikamwambia aongeze ifike 200,000. Alinijibu hivi: “Amri ya mahakama ni 80,000. Unataka kurudi mahakamani rudi, ila mtoto ameshapita miaka saba na mimi nilitoa ng’ombe kwenu. Nitamchukua nimpeleke kwa mama Kahama, tuone utadai matunzo ya nani.”

Mshauri, tangu siku hiyo sina raha. Kila ninayemuuliza ananiambia hivyo hivyo, kwamba sheria inasema mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Likizo ya mwezi wa sita sikumpeleka. Nilisema anaumwa, lakini ukweli niliogopa hatarudi. Baba yake amepiga simu sana. Bibi yake wa Kahama naye alipiga, analia. Yule mama anampenda mjukuu wake, mchele na karanga tunazokula zinatoka kwake. Nikashindwa hata kupokea.

Kuna jambo jingine. Yuko mwanaume mwalimu, ameshajitambulisha nyumbani na tunapanga ndoa. Yeye ananiambia niachane kabisa na hela ya yule bwana, atamlea mtoto kama wake. Mama yangu anasema sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nitulie, nisiamshe vita. Rafiki yangu naye anasema hakimu akisikia nina kibanda na naolewa, hata hiyo 80,000 ataipunguza.

Nikae kimya? Nirudi mahakamani? Au nimkubalie mchumba wangu? Na nikirudi, je, mtoto ataitwa aulizwe anampenda nani? Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Mama wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa kuuguza. Anayejua siko seli anajua mama wa mtoto huyo halali usingizi mzito, kila mtoto akigeuka kitandani unasikiliza kama analia. Kwa hiyo kabla ya yote nakupa hongera. Umefanya hivyo miaka kadhaa, kibanda hakijafungwa na mtoto yuko shule.

Umeniandikia kuhusu pesa, lakini nikisoma barua yako naona hofu zaidi ya pesa. Ulihitaji nyongeza, ukaomba, ukajibiwa kwa tishio la kunyang’anywa mtoto. Tangu hapo mambo mawili yamekuwa kitu kimoja kichwani mwako: ukigusa matunzo, umemgusa mtoto. Baba yake ndiye aliyeanza kuyaunganisha. Nawe ulipomzuia asiende likizo uliyaunganisha pia, na ninaelewa kwa nini. Nataka tuyatenganishe, kwa sababu kila moja lina njia yake.

Tuanze na hiyo miaka saba, maana ndiyo imekushika koo. Inatoka kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Kinachosemwa pale ni kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, mahakama inaanza na dhana kuwa ni vizuri zaidi akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema mtoto akitimiza miaka saba anakuwa wa baba. Watu wamechukua nusu ya kifungu wakaitungia nusu nyingine, na kwa kuwa imerudiwa vijiweni na kwenye vikao vya ndoa kwa miaka mingi, hata wenye nia njema kama jirani zako wanaitoa kama sheria.

Baada ya miaka saba kinachoondoka ni ile dhana tu. Hakimu anaanza bila kuegemea upande wowote, na jambo la kwanza analoliangalia ni ustawi wa mtoto. Chini ya hapo anasikiliza matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake bila kusukumwa, na mila za jamii zenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka malezi ya mtoto yasikatwekatwe ovyo. Mahakama ikiulizwa kuhusu binti yako itataka kujua nani hasa atakaa naye wakati baba yuko njiani kwenda Lubumbashi, kliniki yake itahamia wapi, nani anayezijua dalili za maumivu yake kabla hayajamlaza, na kwa nini atolewe shule aliyoizoea.

Kuhusu ng’ombe: mila zinasikilizwa, sitakudanganya. Lakini ona jinsi zilivyokaa kwa mtoto huyu mmoja. Kwa watu wa baba yake ng’ombe zikitolewa watoto ni wa ukoo wa baba, kwa mama yako mtoto ni wa ukoo wa mama. Wote wawili wanasema kweli kwa mila zao, na hakuna kati yao anayeweza kumaliza shauri kwa sentensi hiyo peke yake, kwa sababu sheria imeziweka mila chini ya ustawi wa mtoto. Tuliza moyo, lakini pia usimwegemee mama yako kupita kiasi katika hili.

Lipo jingine ninalotaka ulitafakari taratibu. Umekaa kimya ukidhani kimya kinakulinda. Je, kinakulinda kweli? Baba wa mtoto anaweza kuomba kukaa na mtoto wakati wowote, uwe umeomba nyongeza au hujaomba. Ombi lako la matunzo halimpi haki ambayo hakuwa nayo jana. Linaloweza kufanya ni kumchokoza, na hilo ni kweli, tutalipima. Ila kuchokozeka kwa mtu na haki yake mbele ya hakimu ni vitu viwili.

Sasa amri yenyewe. Baba yake amesema “amri ya mahakama ni 80,000” kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 133, inaruhusu mahakama kubadilisha au kufuta amri ya matunzo ya mtoto wakati wowote, mtu anayehusika akiomba, ikiwa amri ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli au kwa kutojua ukweli fulani, au ikiwa hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Mlango huo ni wa wote. Baba aliyepoteza kazi anaupitia kuomba apunguziwe, na mama aliye katika hali yako anaupitia kuomba aongezewe. Kwako mabadiliko ni makubwa: ugonjwa wa kudumu uliogundulika baada ya amri, mtoto kuanza shule, na baba aliyekuwa utingo kuwa dereva wa semi. Hakimu wa mwaka 2020 alikadiria kwa kipato cha utingo na kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuna aliyejua anaumwa. Kurudi kwake si kumkosoa, wala si kufufua kesi ya talaka. Huanzi upya na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lile linalopitiwa kabla ya talaka. Ni maombi yanayopelekwa kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri, ukieleza kipi kimebadilika na ukikionyesha.

Kuonyesha ndiko kwenye kazi. Tafuta nakala ya hukumu ya 2020 kwanza, maana wengi wanaishi kwa kukumbuka walichosikia siku ile. Kitabu cha kliniki, karatasi za kulazwa, risiti za dawa, maelezo ya michango ya shule, taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha alichotuma na tarehe zake, vyote viweke pamoja. Kisha kaa na daftari uandike mtoto anatumia nini kwa mwezi wa kawaida na kwa mwezi wa kulazwa. Nakuuliza bila kukulaumu: hiyo 200,000 uliipataje? Kwenye barua sijaona ikipigiwa hesabu. Huenda ni sahihi, huenda ni ndogo, huenda ni kubwa. Hakimu atauliza, na baba yake pia ana haki ya kuuliza.

Fikiria vilevile kama unachohitaji ni kiasi kikubwa cha kila mwezi au mpangilio tofauti. Gharama za siko seli hazina ratiba, mwezi mmoja zinatulia, mwezi unaofuata mnalala wodini siku tano. Baadhi ya wazazi huomba kiasi cha mwezi kiongezwe kidogo, halafu gharama za hospitali zigawanywe kwa risiti. Uzuri wake ni kwamba baba anaona hela imekwenda kwenye dawa. Ugumu wake ni kwamba kila risiti inaweza kuwa ugomvi mpya, na hospitali haisubiri afike mpaka wa Tunduma apate mtandao. Wengine huona bora kiasi kimoja kinachojulikana. Wewe ndiye unayejua lipi kati ya hayo atalitekeleza.

Rafiki yako aliyesema kipato chako kitaangaliwa amesema kweli nusu. Sheria ya Mtoto inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, chochote kilichopunguza uwezo wa mzazi kupata kipato, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo kibanda chako kitatajwa. Siku zako za wodini nazo zitajwe, kwa sababu kuuguza kumekupunguzia uwezo wa kupata. Mtoto wake mchanga wa Dar atahesabiwa pia, na ni haki, naye ni mtoto kama wako. Lakini Sheria ya Ndoa inaanza kwa kuweka juu ya baba wajibu wa chakula, malazi, mavazi na elimu ya watoto wake, wawe wanakaa naye au kwa mtu mwingine, kwa kadiri ya uwezo na hali yake ya maisha. Uwezo huo kwa dereva wa masafa hauishii kwenye mshahara. Mara nyingi mshahara wa kwenye karatasi ni mdogo na posho za safari ndizo zinazoendesha nyumba, na hizo bodaboda zina hesabu yake. Jiandae kwamba anaweza kuja na karatasi ya mshahara peke yake. Si lazima uitwe mgomvi kwa kueleza kwa adabu unachokijua.

Na kuolewa kwako? Hapa watu huchanganya. Mwanamke aliyeachika akiolewa tena, haki ya kutunzwa yeye mwenyewe na mume wa zamani inakoma. Matunzo ya mtoto hayakomi kwa sababu hiyo, ni ya mtoto. Kwa kawaida yanaendelea mpaka atimize miaka 18, na Sheria ya Mtoto inaruhusu kuendelea zaidi ya hapo kama bado yuko masomoni.

Ndiyo maana ningependa uzungumze zaidi na mwalimu wako kabla hujamkubalia. Maneno yake yana upendo, nimeyasikia. Mwanaume anayesema atamlea mtoto wa mwenzake anayeumwa si wa kubezwa. Lakini muulize kwa utulivu: anataka uachane na hela ile kwa sababu haihitajiki, au kwa sababu hataki simu ya yule bwana iite ndani ya nyumba yake? Yote mawili ni ya kibinadamu, ila majibu yake ni tofauti. Kama ni la pili, matunzo yanaweza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti bila nyinyi kupigiana simu. Na je, mkipata watoto wenu wawili, mshahara wa ualimu utabeba wodi na dawa bila yeye kuanza kuhesabu? Sisemi atabadilika. Nasema unaachia kitu ambacho si chako kukiachia, na mtoto hakuulizwa. Jambo jingine la afya, mwanangu: mkapime damu wote wawili kabla ya ndoa. Siko seli inarithiwa kwa baba na mama, na wewe lazima unabeba chembe ya ugonjwa huo hata kama huumwi.

Hilo linanirudisha kwa baba yake, naye anaibeba. Ana mtoto wa mwaka mmoja Dar. Je, amewahi kuambiwa na daktari kwamba huyo mdogo naye anafaa kupimwa? Ulimwambia binti yenu ana siko seli, au anajua tu kwamba “mtoto anaumwaumwa”? Aliwahi kulala naye wodini hata mara moja? Nauliza kwa sababu siku ile ya simu alisikia tarakimu, 200,000, kutoka kwa mwanamke aliyeachana naye. Hakusikia kliniki. Inawezekana angejibu vibaya hata angeelezwa yote, wewe unamjua kuliko mimi. Inawezekana pia alijibu kwa hasira kitu ambacho hajakaa akakifikiri. Mwanaume ambaye kwa miaka mitano hajakata kutuma hela, hata akiwa Kongo, bado ana kitu kwa mtoto wake. Hicho kitu usikitupe haraka.

Njia ya mazungumzo ipo, na ina mahali pake. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaita nyote wawili, akasikiliza, akasaidia mkubaliane kiasi. Faida ni kwamba mtu wa tatu yupo mezani na hakuna anayeshinda mwenzake. Hatari zake ni mbili. Dereva wa masafa ni mgumu kumpata, wito utampata yuko Zambia, na miezi itapita. Ya pili ni nzito zaidi: mkikubaliana kwa mdomo, au hata kwa karatasi mkaishia hapo, amri ya mahakama inabaki 80,000. Mwezi atakaochukia atarudi kwenye 80,000 na atakuambia anafuata sheria. Makubaliano yakifikiwa, yapelekeni mahakamani ili amri ibadilishwe iwe hivyo. Hiyo ni safari fupi kuliko kesi ya kubishana.

Njia ya kwenda moja kwa moja mahakamani nayo ina uzito wake. Mahakama ya mwanzo inasikiliza kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Ukihitaji mtu wa kukuandikia maombi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Morogoro mna bahati ya kuwa na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambako mahakama za ngazi mbalimbali ziko jengo moja, hutahangaishwa mjini ukitafuta mlango. Lakini ujue kinachoweza kutokea. Hakimu anaweza kuongeza kiasi kidogo kuliko ulichoomba. Usijenge hesabu zako juu ya kulipwa tofauti ya miaka iliyopita. Baba yake anaweza kujibu kwa ombi la kukaa na mtoto, sio kwa sababu sheria ya miaka saba ipo, bali kwa sababu alishasema na mwanaume mbele ya watu hupenda kutimiza alichosema. Ombi hilo litasikilizwa kwa vigezo nilivyokueleza, na utalazimika kusimama ueleze maisha ya mtoto wako. Ni siku ngumu. Si lazima iwe siku ya kushindwa.

Na hapo ndipo likizo ya mwezi wa sita inapoingia. Mwanangu, nalisema hili kwa upole kwa sababu najua ulikuwa na hofu, si roho mbaya. Amri ile ya 2020 ina upande wa baba na ina upande wako. Yeye kuchelewesha hela hakukupi ruhusa ya kuzuia likizo, kama ambavyo wewe kuzuia likizo hakumpi ruhusa ya kuacha kutuma. Ukienda kuomba mahakama ibadilishe amri huku mwenzako anasema hujaitekeleza, umempa maneno ambayo hakuwa nayo. Zaidi ya hakimu, yuko mtoto. Amezoea bibi anayemtumia karanga, ghafla bibi amepotea na hakuna aliyemweleza.

Kama kumpeleka Kahama kunakutisha, kuna hatua za katikati. Bibi anaweza kuja Morogoro akae siku chache. Baba anaweza kupita akiwa njiani, maana semi zote za Tunduma zinapita hapo hapo Morogoro, akala naye chakula cha mchana. Unaweza kumpandisha basi la Kahama ukiwa naye, ukae siku mbili umweleze bibi dawa zinanywewaje, mtoto anywe maji mengi, asipigwe baridi, na homa ikipanda hospitali ni ipi. Pengine utamwona bibi huyo kuwa upande wako katika suala la matunzo kuliko unavyodhani. Pengine hapana. Na ikitokea mtoto hakurudishwa, nakala ya hukumu ndiyo utakayoipeleka mahakamani kuomba amri ikazwe. Ndiyo maana nimesema uitafute kwanza, hata kama utaamua kutofanya lolote mwaka huu. Kuna akina mama wanaoamua hivyo kwa sababu wameona gharama ya ugomvi ni kubwa kuliko nyongeza, na siwezi kukuambia wamekosea. Ila liwe uamuzi uliofanya ukijua sheria inasemaje.

Mwisho, ulichosema kinakunyima usingizi. Shauri likiwa ni la kiasi cha pesa tu, mara nyingi hakuna sababu ya mtoto kuitwa. Karatasi na nyinyi wawili mnatosha. Likigeuka kuwa la nani akae naye, maoni yake yana nafasi kisheria, na hakimu ndiye anayepima kama miaka minane inatosha kuyatoa bila kusukumwa. Mara nyingi afisa ustawi wa jamii hutumwa kufika nyumbani na shuleni, akaongea naye kwa utaratibu, kisha akaandika taarifa. Swali la “unampenda nani” si la kisheria, na afisa anayejua kazi yake haliulizi hivyo. Huuliza anakula nini asubuhi, akiumwa nani anamshika, anacheza na nani, kwa bibi anakumbuka nini. Usimfundishe majibu. Watoto waliofundishwa hujulikana upesi, na yeye atabaki na mzigo wa kudhani amemchongea baba yake.

Kwa sasa anachohitaji kusikia kutoka kwako ni kwamba baba yake na bibi yake hawajamchukia, na kwamba mambo ya hela ni ya wakubwa. Ukishapata ile nakala niandikie tena, uniambie kipengele cha likizo kimeandikwaje neno kwa neno, tuone kinakuruhusu kupendekeza nini kwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili.

Wako,
Mshauri